Nikanyamaza tu

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya kazini nililifanya kwa sentensi moja fupi ya Kifaransa.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili na Kifaransa. Ninaishi Lyon, na kazi yangu kubwa ni ya simu. Daktari, wakili au afisa wa ofisi fulani ananipigia, mbele yake amekaa mtu anayezungumza Kiswahili, nami niko jikoni kwangu, vipokea sauti masikioni na daftari mezani, nikibeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Wengi wanaotuhitaji wametoka mashariki ya Kongo na Burundi. Wachache wametoka kwetu Kenya, au Tanzania.

Siku ile, mwaka 2016, alikuwa dada mmoja. Sitasema ametoka wapi, alikuwa na umri gani, wala alikuwa akihojiwa kwa ajili ya nini. Siri zake si zangu kuzitoa. Alieleza jinsi mwanaume waliyemzoea nyumbani kwao alivyofunga mlango na kuuondoa ufunguo. Afisa akauliza: halafu wewe ukafanya nini? Dada akajibu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani: "Nikanyamaza tu."

Nami nikatafsiri kwa Kifaransa: akamwacha afanye.

Nilisikia vidole vya afisa vikigonga kibodi. Akaandika, akaendelea na swali jingine. Mazungumzo yakaisha, nikazima simu, nikapika.

Kwa Kifaransa ule ni usemi wa kila siku, hauna ukali wowote. Lakini ndani yake kuna ruhusa. Anayemwacha mtu afanye jambo angeweza kumzuia, naye ameamua asimzuie. "Nikanyamaza tu" haina uamuzi. Ina koo lililokauka na mlango usio na ufunguo. Nilikuwa nimekaa kazini miaka mingi, ninazijua lugha zote mbili, na sikuona tofauti ile. Ilinichukua zaidi ya miaka mitatu kuiona, na nilipoiona nilielewa pia kwa nini ilikuwa imenipita: ni kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatafsiriwa hivyo hivyo nikiwa mtoto.

Nilizaliwa Mombasa, mtaa ambao maji ya mfereji yalikuwa yakija siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tulinunua kwa madebe kutoka kwa msukuma mkokoteni na kuyajaza kwenye pipa la bluu lililokaa kando ya mlango wa choo. Pipa lile lilikuwa na sheria zake. Kata mbili za kunawa, kata nane za kuoga, na mwenye kuoga nywele aseme mapema.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la nane, najiandaa kwa mtihani wa KCPE, na hesabu zilikuwa zikinishinda. Ami yangu akaniletea mwalimu wa twisheni, rafiki yake, mtu wa heshima zake, aliyekuwa akija nyumbani kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Alichonifanyia sitakieleza. Nitasema tu kwamba ilikuwa Alhamisi, nyumba haikuwa na mtu, na nilinyamaza. Kisha nikaenda kuoga, nikatoka, nikarudi kuoga tena, nikatoka, nikarudi tena. Mama aliporudi kutoka kibaruani alikuta pipa liko nusu, akanigombeza mpaka magharibi. Maji yale yalikuwa ya siku mbili.

Baada ya wiki mbili nilimwambia bibi. Bibi akamwambia mama. Mama alinikalisha kitandani kwake, akaniuliza maswali mawili ambayo nimeyabeba hadi leo. La kwanza: "Mbona hukupiga kelele?" La pili: "Ulimpa uso?" Nikawaza kwa bidii, kama ninavyowaza swali la hesabu. Je, nilimpa uso? Nilimwamkia kila alipokuja. Nilimletea chai. Siku moja alisema jambo la kuchekesha na nilicheka.

Kikao kilikaa Jumamosi baada ya alasiri. Walikuja kaka mkubwa wa yule mwalimu na mzee mmoja wa upande wao. Upande wetu alikuwepo ami na mzee wa mtaa. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nikisikia vikombe vya kahawa vikigongana kila mara mzee alipomimina. Kaka yake akasema hawa wote ni watoto wetu. Mzee akasema binti bado ana maisha yake, habari ikitoka nje atakayeumia ni yeye. Kisha ami akalitoa lile neno ambalo kila nyumba ya pwani inalijua: funika kombe mwanaharamu apite. Wakakubaliana mwalimu aondoke Mombasa, wakatoa pesa wakaziita za dawa, ingawa hospitali sikupelekwa. Wakasoma fatiha, wakaagana. Hakuna aliyeniita. Jioni bibi alinieleza kwamba jambo limekwisha, tena limekwisha kwa heri, na kwamba wazee walifurahi kuona sikuleta maneno. Ukimya wangu ulikuwa umehesabiwa mara mbili: mara ya kwanza na yule mwalimu, mara ya pili na kikao.

Nilipokuwa mtu mzima nilitafuta kujua sheria ya wakati ule ilisemaje. Kanuni ya adhabu ya Kenya ilimlinda msichana aliye chini ya miaka 14. Mimi nilikuwa na miaka 14 na miezi mitatu. Aliyefikisha 14 alitakiwa aonyeshe kwamba hakukubali, na mahakama za wakati huo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa bado zikishikilia kwamba neno la mwanamke aliyebakwa halitoshi bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Kwa hiyo hata kama ami angetupa kahawa yake akanishika mkono tukaenda polisi, swali ambalo lingenisubiri kaunta ni lile lile la mama: mbona hukupiga kelele?

Sasa nirudi Ufaransa. Mnamo tarehe 2 Januari 2020 kilitoka kitabu cha Vanessa Springora, *Le Consentement*. Nilikinunua wiki ya pili, kwenye duka la vitabu karibu na stesheni, kwa sababu ya jina lake. Neno lile nilikuwa nikilitafsiri karibu kila wiki. Nina tabia ya kusoma na penseli na kuandika Kiswahili pembezoni, ni mazoezi ya kazi. Basi nikaketi, na kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza nikaandika chini ya jina la kitabu: ridhaa.

Springora anasimulia kwamba akiwa na miaka 14, katikati ya miaka ya 1980, alichukuliwa na mwandishi mashuhuri wa Paris, Gabriel Matzneff, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 50. Watu walijua. Mama yake alijua. Polisi walipelekewa barua zisizo na jina na hawakufanya la maana. Mwandishi yule hakuwa akijificha. Alichapisha shajara zake akieleza mambo yake na wasichana na wavulana wadogo, na alikaribishwa kwenye televisheni kuzizungumzia. Mwaka 1990, katika kipindi cha vitabu kilichotazamwa na nchi nzima, mgeni mmoja tu alimkemea usoni, mwandishi Denise Bombardier kutoka Québec, Kanada, na waliochekwa siku zilizofuata hawakuwa akina Matzneff. Mwaka 2013 Matzneff akapewa tuzo ya vitabu ya Renaudot. Mwaka 1977, kabla ya hayo yote, gazeti la *Le Monde* lilikuwa limechapisha waraka wa kuwatetea watu wazima watatu waliokuwa rumande kwa makosa dhidi ya watoto, na kati ya waliotia saini walikuwemo Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir. Nilikuja nchi hii nikiamini kwamba mambo ya kufunika kombe ni ya kwetu, ya watu wa buibui na mabaraza. Kumbe kombe la Paris ni kubwa zaidi, tena la fedha, na waliolifunika ni maprofesa.

Lakini kilichonishika hasa hakikuwa habari ya yule mwandishi. Ni fundo ambalo Springora analizungusha tangu mwanzo hadi mwisho: mtoto atasemaje alidhulumiwa, na yeye mwenyewe anakumbuka kwamba hakukataa? Yeye alifikiri ni mapenzi. Mwili wake ulikwenda kwa miguu yake. Kwa miaka 30 alikuwa amelinyamazisha shtaka lake mwenyewe kwa neno lile moja la jalada. Nilirudi kwenye jalada na penseli. Nikaifuta "ridhaa", nikaandika "kukubali". Nikaifuta. Nikaandika "kuvumilia". Nikaifuta nayo. Nikaandika "kunyamaza", na hapo mkono ukasimama, kwa sababu nilikumbuka vidole vya afisa kwenye kibodi.

Nilitaka kumtafuta yule dada. Haiwezekani, mkalimani wa simu hana jina la mtu wala faili lake. Sijui sentensi yangu ilimgharimu nini. Huenda haikumgharimu kitu, huenda ilimgharimu kila kitu. Hilo litabaki hivyo.

Nimefikiri sana tangu wakati ule juu ya ukimya na ridhaa katika lugha yetu. Kwetu pwani binti akiulizwa kuhusu posa, akinyamaza huhesabiwa ameridhia. Mimi ni Mwislamu na najua jambo lile limetoka wapi. Lengo lake ni kumhifadhi: kwamba ni lazima aulizwe, asiozwe kwa nguvu, na haya isimfunge mdomo kiasi cha kumkosesha haki. Msingi wake ni swali. Sisi tukauchukua ukimya, tukaliacha swali, kisha tukausambaza ukimya ule kila mahali hata pasipo na posa wala walii. Mimi sikuulizwa kitu Alhamisi ile. Wala Jumamosi.

Na maneno yenyewe tuliyonayo! Mtoto wa Kenya akifanyiwa ukatili husema "alinifanyia tabia mbaya". Zisome hukumu za mahakama zetu, utalikuta neno hilo tena na tena, kwa sababu hilo ndilo alilofundishwa. Magazeti huandika "amenajisiwa". Majirani husema "ameharibiwa". Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa najisi ni nini. Ni kitu cha kuoshwa, kikikugusa huwezi kusimama kuswali. Yaani kitendo kimefanywa na mtu mzima, na najisi imebaki kwa mtoto. Mimi niliogea nusu pipa na sikuwa nimesoma gazeti lolote.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2021, kikatoka kitabu cha pili: *La Familia grande*, cha Camille Kouchner. Huyu ni mwanasheria, anafundisha sheria chuo kikuu, na anasimulia jinsi pacha wake wa kiume alivyodhulumiwa na baba yao wa kambo walipokuwa na umri wa miaka 14 hivi. Baba huyo naye alikuwa profesa wa sheria ya katiba, mbunge wa zamani wa Bunge la Ulaya, mtu wa kualikwa kila mahali. Alijiuzulu nyadhifa zake siku tatu kabla ya kitabu kuingia madukani. Ndani ya wiki mbili makumi ya maelfu ya watu wakawa wameandika mitandaoni yaliyowapata nyumbani kwao wenyewe: kwa baba, kwa babu, kwa mjomba, kwa kaka. Nilisoma usiku kucha siku ile. Wengi walianza na umri. Nilikuwa na miaka 5. Nilikuwa na miaka 9. Kama watu wanaojitambulisha kwenye kikao.

Hapa lazima nieleze sheria ilivyokuwa, maana ndipo penye kiini. Ubakaji nchini Ufaransa ulielezwa kwa njia nne: vurugu, shuruti, vitisho au kushtukiza. Pasipokuwa na mojawapo, hakuna ubakaji. Na hesabu hiyo iliwahusu hata watoto. Kulikuwa na kosa dogo zaidi la mtu mzima kumgusa aliye chini ya miaka 15, lakini ili liitwe ubakaji, ilibidi mtoto aonekane alilazimishwa. Mwaka 2017 nchi ilishtuka kusikia kwamba waendesha mashtaka wa Pontoise, katika kesi ya msichana wa miaka 11 na mwanaume wa miaka 28, walianza kwa kuchagua kosa dogo kwa kuwa mtoto hakuonekana kulazimishwa. Serikali iliahidi kuweka umri maalumu, na sheria ya Agosti 2018 ikapita bila umri huo. Ilirefusha tu muda wa kushtaki, hadi miaka 30 baada ya mhusika kutimiza miaka 18.

Vitabu viwili vikafanya ambacho ahadi haikufanya. Baraza la Seneti lilipigia kura muswada tarehe 21 Januari 2021, wiki mbili tu baada ya kitabu cha Kouchner, na sheria yenyewe ikatiwa saini tarehe 21 Aprili. Sasa mtu mzima akimwingilia aliye chini ya miaka 15, na kati yao pana tofauti ya angalau miaka mitano, ni ubakaji, kifungo hadi miaka 20, na hakuna anayemuuliza mtoto kama alikubali. Kwa ndugu wa damu na walezi wa nyumbani, mpaka ni miaka 18.

Sikulia siku kitabu kilipotoka. Nililia siku ya sheria, nikiwa nimesimama jikoni, kwa sababu ya jambo moja tu: swali limeondolewa. Hakimu wa Lyon hataweza tena kumkalisha mtoto wa miaka 14 na kumuuliza kwa nini hakupiga kelele. Ataulizwa tarehe ya kuzaliwa.

Sheria ile ina mapengo, nami siwezi kuyaficha. Ile miaka mitano inamwacha kijana wa miaka 18 na mtoto wa 14 kwenye hesabu za zamani. Binamu hawamo kwenye orodha ya ndugu, na sote tunajua binamu. Haikurudi nyuma pia: Springora hakupata hukumu, na uchunguzi kuhusu baba wa kambo wa akina Kouchner ulifungwa Juni 2021 kwa sababu muda ulikuwa umepita. Waliovunja ukimya ndio hao hao ambao sheria yao wenyewe haiwafikii. Tume ya serikali iliyoundwa mwaka ule kusikiliza manusura, ikiongozwa na jaji Édouard Durand, ilipokea shuhuda karibu 30,000 na kukadiria kwamba watoto 160,000 hudhulumiwa kila mwaka nchini. Novemba 2023 ilitoa mapendekezo 82, likiwemo la kuondoa kabisa ukomo wa muda wa kushtaki. Hilo halijatimizwa.

Nikiwasimulia wenzangu wa Mombasa haya, hunijibu kwa mshangao ambao sasa naushiriki: mbona sisi tuna sheria hiyo kitambo? Ni kweli. Tanzania iliandika kwenye sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 kwamba ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 haihesabiki, ingawa ilimwacha nje yule aliyekwisha kuolewa akiwa na miaka 15. Kenya iliandika yake mwaka 2006, baada ya mbunge Njoki Ndung'u kuupeleka muswada bungeni na kupigwa vita na wabunge wanaume, mpaka kifungu cha ubakaji ndani ya ndoa kikakatwa. Bunge likaingiza pia kifungu cha 38, kilichosema anayetoa tuhuma ya uongo atapewa adhabu ile ile ya kosa alilolidai. Fikiria msichana wa miaka 15 anasomewa hicho kabla ya kufungua mdomo. Kilifutwa mwaka 2012. Hata hivyo, kwa umri, tuliitangulia Ufaransa kwa miaka 15, Tanzania kwa 23.

Ila kule sheria ililetwa na watu waliosema. Kwetu sheria imetangulia na inasubiri watu waseme. Imekaa pale kwenye kitabu cha serikali kama gari zima lisilo na petroli, na Jumamosi baada ya alasiri kikao bado kinakaa, kahawa bado inamiminwa. Kijana wa shangazi yangu ni askari polisi, na ameniambia kesi nyingi za watoto anazozipokea hufa kabla ya mahakama, kwa sababu mama aliyekuja Jumatatu kuchukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kujazwa na daktari, anarudi Ijumaa kusema wamesameheana. Walisameheana nani na nani? Mtoto hakuwepo.

Ndiyo maana naandika hii, na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Nina jina la yule mwalimu na sitalitaja, sikuja kumtafuta. Nimekuja kusema tu kwamba kulikuwa na mtoto nyuma ya pazia.

Kazini nimebadilika. Mtu akisema "nikanyamaza tu", natafsiri kwamba alinyamaza, neno kwa neno, siongezi kitu. Akisema "alinikamata kwa nguvu", kama wasemavyo dada zetu wa Kivu, au "alinitumia", au "alinifanyia tabia mbaya", natafsiri maneno yake kisha namwambia afisa, kwa jina la mkalimani, kwamba hivi ndivyo ubakaji unavyotajwa kwa Kiswahili. Na afisa akiuliza kama alikubali, huwa natumia maneno mawili: uliulizwa? ulitaka? Mara nyingi kwenye lile la kwanza mtu hukaa kimya muda mrefu. Hakuwahi kufikiri kwamba alistahili kuulizwa. Siingilii kimya hicho. Namwambia afisa: anafikiri.

Mwisho wa mwaka 2024 nilifuatilia kesi ya Avignon, ya wanaume 51, kesi ya Gisèle Pelicot, ambaye mumewe alikuwa akimlewesha kwa dawa na kuwaita wengine. Mama yule angeweza kuomba milango ifungwe, akataka ifunguliwe, akasema aibu ihamie upande mwingine. Wote walipatikana na hatia. Lakini kuna walioeleza, bila kuona haya, kwamba walidhani idhini ya mume inatosha. Nikasema moyoni, hawa nawajua. Walikaa kwetu sebuleni.

Novemba 2025 Ufaransa ikabadilisha tena maana ya ubakaji, safari hii kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Ridhaa sasa imo ndani ya sheria yenyewe: iwe ya hiari, ya mtu anayejua anachokubali, ya jambo hilo mahususi, itangulie kitendo, na mwenyewe aweze kuiondoa wakati wowote. Kisha ipo sentensi moja ambayo niliinakili kwa mkono, kwa Kiswahili, kwenye jalada la ndani la kile kitabu, chini ya maneno niliyoyafuta: haiwezi kuchukuliwa kwamba ipo kwa sababu tu mtu alinyamaza au hakufanya lolote.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama. Anakaa bado kwenye nyumba ile ile, pipa la bluu lilishapasuka na sasa ana tangi juu ya paa. Tulisalimiana, akanipa habari za misiba na harusi. Nikamwambia, mama, kuna jambo nataka nikusomee. Nikamsomea sentensi ile. Hatukuwa tumelitaja jambo lenyewe kwa miaka 32.

"Hiyo wameandika Wafaransa?"

"Ndiyo, mama."

"Saa hizi?"

"Mwezi huu."

Akanyamaza. Nikasikia feni yake ikizunguka na mtoto wa jirani akilia. Nilidhani simu imekatika.

"Yale maji," akasema.

"Maji gani, mama?"

"Ya pipa. Mimi siku ile nilirudi mapema, mwanangu. Nilisimama pale uani, nikasikia kata ikigonga pipa, ukatoka, ukarudi, ukatoka, ukarudi. Mtoto haogi mara tatu. Nilijua kabla bibi yako hajaniambia." Akavuta pumzi. "Nikaja kugombania maji."